Biblia Iliyoshonwa kwa Vipande vya Nguo

Chini ya kila cherehani pana rundo la vipande: mabaki ya vikwembe, pindo la shati, ncha ya kitambaa cha meza. Jioni fundi huvifagia. Watoto huchukua vichache kufanyia mpira, na vingine hutupwa jalalani. Leo twataka kuwaonyesha akina mama, na wasichana wanaojifunza kushona, kazi waliyoifanya wanawake wawili wa Marekani kwa vipande vya namna hiyo hiyo.

Kule huviunganisha kuwa mfarishi, yaani nguo nene ya kujifunikia kitandani. Mfarishi una tabaka tatu: juu vipande vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima. Kisha sindano hupita katika tabaka zote tatu, huku na huku, mpaka pamba isiweze kuhama. Ni nguo ya baridi. Lakini wako wanaoishona isilaliwe kamwe, bali itundikwe ukutani kama picha.

Wa kwanza ni Harriet Powers. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Georgia, mwaka 1837. Utumwa ulipokwisha aliishi na mumewe karibu na mji wa Athens, wakilima. Mwaka 1886 aliupeleka mfarishi wake kwenye maonyesho ya pamba katika mji huo. Juu yake palikuwa na picha 11 za Kitabu Kitakatifu, zilizokatwa katika vitambaa vya rangi na vya chapa, zikashonwa juu ya kitambaa kingine: Adamu na Eva bustanini, Kaini akimwua Abeli, Yakobo akiota ndoto yake, Bwana wetu Yezu Kristu akibatizwa, Yuda na vile vipande 30 vya fedha.

Itazameni Karamu ya Mwisho. Wanafunzi waliopo si 12, watano wamekosekana. Labda nafasi haikutosha, nasi hatumlaumu, maana hata wachoraji wakubwa wamesumbuka na meza ile. Wote wamevaa kitambaa chenye madoadoa. Yuda peke yake amevikwa kitambaa cha rangi iliyofifia. Mama yule hakuandika neno lo lote chini ya picha. Mwalimu wa katekisimu angetumia saa nzima kuueleza moyo wa msaliti. Yeye alichagua kitambaa tu, na aliyeona alifahamu.

Katika maonyesho yale alikuwapo mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, aliyetaka kuununua mfarishi mara ile ile. Harriet alikataa. Baada ya miaka michache maisha yakawa magumu, akaja mwenyewe kuuuza, ameufunga vizuri katika gunia. Akataka dola 10. Mwalimu alikuwa na dola 5 tu. Harriet akashauriana na mumewe, naye akamwambia azipokee, kwa kuwa nyakati zilikuwa ngumu. Akauacha mfarishi, lakini baadaye alirudi mara kadhaa kuutazama, kama mama anavyokwenda kumtazama mtoto anayelelewa kwa watu.

Wengine watasema: alikubali mwenyewe, basi hakuna dhuluma. Ni kweli alikubali, lakini mhitaji hukubali mengi. Sisi twaona kwamba bei ile haikulingana na kazi. Hata hivyo tusiache kusema kwamba mnunuzi alifanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi: alimwomba mshonaji amweleze kila picha, akayaandika maneno yake. Bila maandishi hayo, tungeziona picha tu, tusijue yaliyokuwa moyoni mwake. Mfarishi huo umo katika makumbusho ya Smithsonian, mjini Washington.

Wa pili wake, wenye picha 15, umo Boston. Humo, pamoja na habari za Biblia, aliziweka habari za nchi yake: usiku wa tarehe 13 Novemba 1833, nyota zilipoanguka kama mvua na watu wakadhani mwisho wa dunia umefika. Yeye alikuwa hajazaliwa. Aliyasikia kwa wazee, akayashona.

Harriet alifariki mwaka 1910. Miaka 20 baadaye, katika mtaa wa Harlem mjini New York, akazaliwa Faith Ringgold, aliyefariki mwaka 2024. Huyu alikuwa mchoraji, na mama yake, Willi Posey, alikuwa mshonaji hodari wa mavazi. Mwaka 1980 wakafanya mfarishi wao wa kwanza pamoja: binti alichora nyuso za watu, mama alishona. Katika mfarishi wa mwaka 1988 uitwao Tar Beach, katikati ni picha ya rangi, pembeni ni vitambaa vya chapa, na hadithi imeandikwa pale pale juu ya nguo. Msichana wa miaka 8 anaruka usiku juu ya daraja kubwa ambalo baba yake alilijenga. Baba huyo hakupokewa katika chama cha wafanyakazi kwa ajili ya rangi yake. Basi mtoto anaruka juu ya jengo la chama ili limilikiwe na baba.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Bakuba wa Kasai wanazo nguo ndefu za makuti ya miwale, vipande vingi vilivyoungwa. Yasemekana kwamba viraka vyake vilianza kwa kuziba matundu yaliyotokea nguo ilipotwangwa ili ilainike; baadaye viraka vyenyewe vikawa pambo.

Anayetaka kujaribu aanze na picha moja. Kitambaa kipya kifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, maana wanga wa kiwandani huizuia rangi kuingia. Kikwembe chekundu kifuliwe peke yake. Itumike rangi ya nguo, wala si ya ukuta, kwa sababu hiyo hupasuka nguo ikikunjwa. Ipakwe nyembamba, sindano ipite. Kwa chapa, nusu ya kiazi kilichochongwa yatosha, ila wanafunzi wakumbuke kwamba herufi huchongwa kinyume. Rangi ikikauka, pasi ipigwe upande wa nyuma. Picha ikatwe kwa kuacha nafasi ndogo ya kukunjia ukingoni, ndipo ishonwe. Itundikwe mbali na jua, na upande wa nyuma, chini, mshonaji aandike kwa uzi jina lake na mwaka.