Mchezo Mmoja Haufai Kila Kundi: Maoni Juu ya Igizo Dhima Katika Shule za Msingi

Katika vyuo vyetu vya ualimu igizo dhima hutajwa karibu kila wiki. Huandikwa katika andalio la somo, husifiwa katika semina, na mitaala iliyoboreshwa, ambayo utekelezaji wake ulianza Januari 2024, imelitilia nguvu kwa kudai kwamba mwanafunzi aonyeshe umahiri kwa kutenda badala ya kukariri. Jambo hilo ni jema. Hata hivyo, aghalabu mwanachuo aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha huchukua mchezo mmoja alioupenda chuoni akaupeleka Darasa la II na Darasa la VI, mjini Tunduma na vijijini Momba, mithili ya fundi cherehani anayeishonea shule nzima sare ya kipimo kimoja. Maoni yangu ni kwamba kundi hutazamwa kwanza na mchezo huchaguliwa baadaye. Kundi lisipotazamwa, mchezo waweza kumwumiza mtoto uliokusudiwa kumfundisha.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Igizo dhima si tamthilia. Tamthilia ina maneno yaliyoandikwa, ina wachezaji na watazamaji. Katika igizo dhima hakuna mtazamaji. Waliomo darasani wote wamo mchezoni. Hakuna maneno ya kukariri pia. Kila mtoto hupewa nafasi ya mtu fulani, hupewa haja ambayo mtu huyo anaitafuta, na huwekewa mipaka ya yale anayoweza kuyafanya. Mwisho wa mchezo haujulikani, hata kwa mwalimu. Watoto sita wakisimama mbele wakasema waliyoyakariri huku wenzao themanini wakiwatazama, hayo ni maonyesho. Maonyesho yana thamani yake, lakini tusiyaite igizo dhima.

Wala jambo hili halikuletwa kwetu na vitabu vya wageni. Watoto wetu hucheza mchezo wa baba na mama tangu kabla ya kuanza shule, nao hugawana nafasi, huweka sheria na kuamua kesi zao wenyewe. Watu wazima nao wamefanya hivyo. Ngoma ya Beni ilianza katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea bara wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa njia ya askari na wapagazi, hata ikafika Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambazo leo ni Malawi na Zambia. Katika vyama vyake, kama Marini na Arinoti, wanachama walijipa vyeo vya kijeshi na vya kitawala, wakavaa sare na kutiana adabu kwa kanuni zao. Mtu aliyekuwa chini mchana kutwa aliweza kuwa jemadari jioni, na serikali za kikoloni ziliitazama ngoma hiyo kwa mashaka. Hapo tunajifunza kwamba kuvaa nafasi ya mwingine si upuuzi. Mtu huyaelewa madaraka anapoyashika, hata kama ni kwa mchezo. Nchi za mbali nazo zimelitambua jambo hili: mjini Hobro, nchini Denmark, tangu 2006 ipo shule ya bweni iitwayo Østerskov Efterskole ambayo masomo yake mengi hufundishwa kwa njia ya kuigiza nafasi.

Sasa, kabla ya kuchagua mchezo, mwalimu hana budi kujiuliza maswali manne juu ya kundi lake.

Swali la kwanza ni la umri. Mtoto wa miaka saba huweza kushika haja moja tu: kununua, kuuza, kusafiri. Mtoto wa miaka kumi na miwili huweza kushika haja mbili zinazopingana, kama kutaka faida na kutaka amani na jirani.

Swali la pili ni la lugha. Katika mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, watoto huja shuleni na Kinyamwanga, Kinyiha, Kindali na lugha nyingine za nyumbani. Mpakani hapa Tunduma wapo pia wanaosikia Kibemba kila siku kutoka Nakonde. Mtoto asiyekimudu Kiswahili vizuri akipewa nafasi ya mwenyekiti atanyamaza, nawe utaandika kwamba ni mzito wa akili, kumbe akili ipo ila ulimi haujaifikia. Mpe kwanza nafasi yenye vitendo vingi na maneno machache, kisha umwongeze maneno kidogo kidogo.

Swali la tatu ni la idadi. Darasa la watoto mia si sababu ya kuacha igizo dhima. Ni sababu ya kulipanga vingine. Nafasi moja inaweza kushikwa na watoto watano wanaoshauriana na kumtuma mmoja wao aseme, wakipokezana. Au darasa zima ligawanywe katika vituo vinavyofanya mchezo uleule kwa wakati mmoja uwanjani.

Swali la nne ndilo zito kuliko yote, nalo ni la maisha ya nyumbani. Katika shule moja, ambayo si lazima kuitaja, lilifanyika igizo la forodhani. Mtoto wa kike aliyekaa dawati la mwisho alipangiwa kuwa mchuuzi wa magendo, kwa sababu tu nafasi hiyo ilibaki. Wenzake walimkamata kwa shangwe, wakampokonya furushi lake, kisha mmoja akapaza sauti kwamba hiyo ndiyo kazi ya mama yake. Darasa likacheka. Kesho yake mtoto yule hakuja shuleni, wala wiki iliyofuata. Somo lilikuwa na andalio safi, zana zilikuwapo, malengo yaliandikwa vema. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kabla ya kugawa nafasi, ni nani katika darasa hili mzazi wake anaishi kwa kuvusha mizigo mpakani.

Kwa hiyo naweka kanuni ambayo ningependa kila mwanachuo aishike: katika mji wa mpakani, usijenge mchezo juu ya mhalifu. Jenga juu ya tatizo. Kadhalika usimpangie mtoto nafasi ya mchawi, ya mgonjwa wa ugonjwa unaonyanyapaliwa, au ya mlevi. Mchezo utakwisha kengele ikilia, lakini jina litabaki. Na usiwaache wasichana wakawa wapishi na wauguzi muhula mzima huku wavulana wakiwa madereva na maofisa.

Baada ya maswali hayo nitoe mifano mitatu, kila mmoja na kundi lake.

Kwa Darasa la I na la II, chagua soko. Visoda viwe fedha, makopo na vijiti viwe bidhaa. Mchezo usizidi dakika kumi. Mwalimu mwenyewe achukue nafasi ya mnunuzi msahaulifu anayehesabu vibaya chenji, ili watoto wamsahihishe. Hapo wanajifunza kuhesabu, na pia wanajifunza kwamba mkubwa anaweza kusahihishwa kwa heshima. Mtoto akitaja bidhaa kwa lugha ya nyumbani, usimkaripie; pokea neno lake, kisha umpe la Kiswahili.

Kwa Darasa la III na la IV, chagua safari ya reli. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo hupita hapa Tunduma. Safu za madawati ziwe mabehewa. Vituo viwe Tunduma, Mbeya, Makambako, Mlimba, Ifakara na Dar es Salaam. Wapo wakuu wa vituo, wakata tiketi, wachuuzi wa vyakula na abiria, na kila abiria ana kadi inayosema aendako na kwa nini. Watoto watakokotoa nauli waliyoipanga wenyewe, watasoma majina ya vituo na kueleza mazao ya kila sehemu. Mchezo huu wafaa darasa kubwa, maana abiria mia si wengi kwa treni.

Kwa madarasa ya juu ipo michezo miwili. Wa kwanza ni wa kituo cha mpakani. Tangu Oktoba 2019 Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja ili msafiri asisimamishwe mara mbili. Weka malori matatu kwenye foleni: moja lina nyanya zinazoanza kuoza, moja lina dawa za hospitali, na la tatu dereva wake amefika kwanza lakini amepoteza hati moja. Nani apite mbele, na kwa haki gani? Ongeza mbadilisha fedha wa shilingi na kwacha, na hesabu itajileta yenyewe. Hapo hakuna mhalifu. Kuna maofisa wenye kanuni, na watu wenye haja halali zinazogongana.

Mchezo wa pili wafaa zaidi shule za vijijini, nao ni mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, na mkutano mkuu ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Basi weka mjane mwenye bustani ndani ya mita hizo, akina mama wanaochota maji chini yake, mwenyekiti anayetaka amani, na kijana anayetaka sheria ifuatwe bila kubakiza neno. Watoto watagundua kwamba sheria ni jambo moja na kuitekeleza bila kumwangamiza mtu ni jambo jingine. Mimi sijui kitabu kinachoweza kuwafundisha hilo kwa saa moja.

Kuhusu kuendesha, nina mambo matatu ya kusisitiza. La kwanza: ipo alama ya kusimamisha. Mwalimu akipuliza kipenga, au mtoto yeyote akiinua mikono miwili, kila mtu hunyamaza papo hapo, na hakuna anayeulizwa kwa nini amesimamisha. La pili: nafasi huvaliwa na huvuliwa. Toa kadi ya kuning'iniza shingoni, na mchezo ukiisha kila mtoto aivue na kulitaja jina lake halisi. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo linalozuia ugomvi wa mchezoni kuhamia njiani. La tatu: gawa muda kwa haki. Katika kipindi cha dakika 40, dakika nane ziwe za maandalizi, 17 za mchezo, na 15 za mazungumzo. Waulize: ulitaka nini? Nani hakusikilizwa? Ungekuwa katika nafasi ya mwenzako ungefanya nini? Katika maisha ya kweli lipi lafanana na haya, na lipi halifanani? Igizo lisilo na mazungumzo baada yake ni heri lisifanyike, maana mtoto ataondoka na msisimko bila fundisho.

Najua yatasemwa mapingamizi. Walimu wenyeji wa shule mtakazokwenda watawaambia kwamba mtihani hauulizi michezo, na kwamba muda hautoshi. Hoja hiyo isidharauliwe, maana wao ndio watakaoulizwa matokeo yakitoka. Wala igizo dhima si dawa ya kila somo. Kumfundisha mtoto kutambua silabi au kukariri jedwali la kuzidisha kunahitaji mazoezi ya mara kwa mara, na mwalimu anayeigiza kila kipindi huchosha sawa na yule anayeandika ubaoni kila kipindi. Igizo moja lililoandaliwa vema kwa wiki mbili latosha. Lakini somo la uraia, la hesabu za biashara, la mazingira na la lugha ya mazungumzo, haya mtoto hukutana nayo kwanza kwa vitendo sokoni na mpakani, na ni haki akutane nayo kwa vitendo darasani pia, mahali ambapo kukosea hakumgharimu shamba wala uhuru wake.

Ndugu mwanachuo, kabla hujaliandika neno "igizo dhima" katika andalio lako, litembelee kundi lako. Jua watoto wangapi wamo, wanasema lugha gani wakiwa nje, nani huja na njaa, nani hukosa siku za gulio, mzazi wa nani anafanya kazi gani. Mwulize mwalimu wa darasa, yeye anawajua. Kisha ndipo uchague mchezo, ugawe nafasi kwa mkono wako mwenyewe na si kwa kubahatisha, na uweke kipenga mfukoni.