Mpiga picha mpya, acha kuonjaonja

Kijana wa Ruashi, hapa Lubumbashi, akianza tu kupiga picha, kila mjuaji humpa shauri lilelile: jaribu aina zote kwanza, utachagua baadaye. Wiki hii sura za watu, wiki ijayo mandhari, kisha harusi, kisha barabarani, mpaka wadudu kwenye majani. Shauri hilo ni tamu kwa kuwa halimkatishi mtu tamaa. Mimi nasema linawaharibu vijana.

Hizo zinazoitwa aina ni vibao vya soko. Neno "harusi" linamjulisha mteja amlipe nani. Anayejifunza halimwambii lolote kuhusu mwanga. Na mwanga wetu ni mkaidi. Mwishoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hutukalia utosini kabisa. Msimamishe mama wa watu uani saa hiyo uone: macho yanazama gizani, pua inaangusha kivuli mdomoni, na udongo mwekundu unampaka kidevuni rangi ambayo hakuzaliwa nayo. Ukimweka mbele ya ukuta wa chokaa, simu itaupima ukuta na kumsahau yeye. Uso utatoka giza tupu. Dawa haina gharama. Msogeze barazani, hatua moja ndani ya ukingo wa mabati, atazame nje, kisha gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo. Lakini ngozi hazifanani, kuta hazifanani, na mawingu ya Januari si vumbi la Agosti. Anayehama kila wiki hulikimbia tatizo kabla halijamfundisha kitu.

Mtazame mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Alipiga sura za watu, wengi wao uani kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Hakuzunguka kutafuta mandhari. Leo picha hizo zinatundikwa kwenye majumba makubwa ya sanaa duniani.

Najua nitakavyojibiwa: mbona Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi hii hii, anachanganya kila kitu? Mtazameni vizuri basi. Katika mfululizo wake wa Mémoire, wa mwaka 2006, aliwachukua watu wa picha za zamani, nyeusi na nyeupe, wafanyakazi na wakubwa wa enzi ya ukoloni, akawasimamisha juu ya magofu ya kampuni ya madini ya Gécamines aliyoyapiga kwa rangi. Hiyo ni sura, mandhari au kumbukumbu? Swali halina maana. Alikuwa na jambo moja la kuuliza kuhusu shaba yetu na watu walioichimba, nalo ndilo lililomchagulia namna ya kupiga.

Jibu lenye uzito zaidi ni la tumbo. Mpiga picha wa hapa hawezi kukataa kilio eti anajifunza ndoa; Jumapili ni ubatizo, Jumatatu ni picha ndogo za makaratasi ya serikali. Sawa, kubali kazi zote, weka pesa mfukoni. Ila usijidanganye kwamba kukimbizana na wateja ni masomo. Wapo waliokimbizana hivyo miaka mingi, na bado wanawapanga maharusi juani saa sita.

Saa zako mwenyewe zipe kitu kimoja. Chukua wauza makala ya kupikia wa soko moja tu la Ruashi. Rudi kwao mpaka wakuzoee, waache kujiweka sawa kila unapoinua simu. Utapiga nyuso zao, vidole vyeusi vinavyohesabu faranga, magunia, baiskeli zilizoelemewa, hata barabara wanayotokea alfajiri, kwa kuwa kazi yenyewe imekudai. Mtu akikuuliza wewe ni mpiga picha wa aina gani, mwambie wa makala, umwache acheke.