Mazoezi ya Dharura Vyuoni: Waanze Wakubwa, na Waislamu Tuwemo



Ndugu yangu, dada yangu uliye chuoni, hebu jiulize: moto ukizuka hosteli usiku wa leo, unatokea mlango gani? Funguo za lango la nyuma anazo nani? Kama hujui, usijilaumu sana. Muulize mkuu wa chuo chako swali hilo hilo, usikie atasema nini.

Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, na mambo hayakuisha hadi jioni. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Waliwatenga watoto wa watu kwa dini, na wakafanya uovu huo kwa jina la dini yetu. Siku kumi baadaye, kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, hitilafu ya stima ililipuka kabla ya mapambazuko. Wanafunzi wakadhani ni Garissa nyingine, wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakaumia. Hakukuwa na gaidi hata mmoja.

Halafu tarehe 30 Novemba mwaka huo huo, Strathmore. Milio ya risasi ikasikika, watu wakaruka madirishani, mfanyakazi mmoja akapoteza maisha na wengi wakajeruhiwa. Lilikuwa zoezi. Wengi waliokuwa ndani hawakujua.

Kuna wanaosema basi mazoezi yaachwe, yanatisha watu. Hapana. Sheria ya kupunguza hatari ya moto kazini ya mwaka 2007 inataka zoezi la moto angalau mara moja kila miezi 12. Kosa ni kuanzia kwa mwanafunzi aliye darasani ilhali wakubwa wenyewe hawajafanya lao.

Zoezi la viongozi halihitaji risasi wala king'ora. Naibu chansela, mkuu wa usalama, msimamizi wa hosteli, viongozi wa wanafunzi, polisi wa eneo na watu wa Msalaba Mwekundu wanakaa meza moja. Mtu anasoma kisa: saa kumi na moja alfajiri, moto ghorofa ya pili ya hosteli ya wasichana, stima imepotea, mlango wa dharura una kufuli. Sasa, nani anapiga simu, na kwa nani? Nani ana orodha ya waliolala humo? Nani anaongea na wazazi? Wakikwama, wamekwama kwenye chai na mandazi, hakuna aliyevunjika mguu. Siku nyingine wanaongezewa ugumu: mkuu wa usalama yuko likizo na simu yake imezimwa. Wakishajua kila mmoja kazi yake, ndipo mje nyinyi wote, na mtangaziwe mapema.

Lakini sisi tuna la ziada la kudai. Mei 2016 polisi wa Greater Manchester, Uingereza, walifanya zoezi katika jumba la maduka la Trafford Centre. Aliyeigiza gaidi alipaza sauti "Allahu Akbar" kabla ya mlipuko wa kuigiza. Waislamu walilalamika na polisi wakaomba radhi. Sasa wewe fikiria zoezi kama hilo kwenye kampasi yako, mwigizaji amevishwa kanzu. Kesho yake mwenzako wa darasani akikuona na kanzu yako ya Ijumaa atakuangalia vipi? Kisa kinaweza kuandikwa bila kumpa gaidi dini wala kabila, na zoezi likafaa vile vile. Lakini kama hakuna Muislamu pale mezani, nani atalisema hilo?

Na si hilo tu. Chumba chetu cha kuswalia aghalabu kiko pembeni, kina mlango mmoja, na viatu vimerundikana mlangoni hapo hapo. Watu 200 wakitoka mbio siku ya Ijumaa, wa kwanza kujikwaa ataangukiwa na wote. (Hili la viatu halingoji chuo. Wekeni rafu wiki hii.) Je, chumba hicho kiko kwenye ramani ya uokoaji? Kina mtungi wa kuzimia moto? Dada zetu wanaoswali nyuma ya pazia watasikia tangazo?

Asikwambie mtu kwamba kujiandaa ni kukosa tawakul. Mtume (SAW) alimwagiza mtu amfunge ngamia wake kwanza. Hata sala ya khofu, iliyoelezwa katika Surat An-Nisaa, ina mpangilio: kundi linaswali na lingine linalinda, kisha wanapokezana.

Kwa hivyo viongozi wa jumuiya za wanafunzi Waislamu, andikeni barua. Ombeni mpango wa dharura wa chuo, tarehe ya zoezi lijalo, na kiti kwenye kamati ya usalama. Kama ni chuo cha umma, tajeni kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi la kawaida hujibiwa ndani ya siku 21. Linalohusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Shirikianeni na wenzenu wa vyama vya Wakristo, maana hosteli ni moja na moshi ni mmoja. Barua ipelekeni kwa mkono, igongwe muhuri, na nakala mbaki nayo.