Kamera ndogo au kubwa? Mpiga picha apige hesabu kwanza

Vijana wengi wanaojiajiri kwa kupiga picha za harusi, mahafali na michezo ya shule huanza na swali moja: wanunue kamera ndogo ya mfukoni, au wakope wapate kubwa inayobadilishwa lenzi? Wengi huamua kwa kutazama bei na megapikseli zilizoandikwa kwenye boksi. Hilo ni kosa.

Megapikseli hazisimamishi mwendo. Mwanafunzi akikimbia mita 6 kwa sekunde, na kamera ikafunguka kwa 1/60 ya sekunde, atakuwa amesogea sentimita 10 kabla haijafunga. Picha itatoka na ukungu. Ikifunguka kwa 1/1000, atasogea milimita 6 tu. Lakini muda mfupi hivyo unahitaji mwanga mwingi. Sehemu inayopokea mwanga ndani ya kamera nyingi ndogo haifiki milimita za mraba 30. Katika nyingi zilizo kubwa huzidi 300. Hivyo basi, kamera ndogo inayofaa juani huzidiwa ukumbini, maharusi wanapoingia wakicheza.

Pia ipo hasara ya kuchelewa. Kamera ikikawia nusu sekunde tangu kitufe kibonyezwe, mkimbiaji huyo ameshakwenda mita 3. Kinachobaki kwenye picha ni vumbi.

Hata hivyo, si kila mtu anapaswa kukopa. Mkulima anayetangaza nyanya, magunia ya mpunga au ng'ombe aliyefungwa kwenye mti anatoshwa na kamera ndogo, hata simu. Bidhaa hizo hazikimbii. Akinunua kamera kubwa kwa kazi hiyo, amefungia mtaji kabatini.

Kwa anayeuza picha za mwendo, hesabu ijumlishe kamera, lenzi, kadi na betri ya akiba. Mathalani, vyote vikigharimu Sh 1,800,000, na kila shughuli ikiacha faida ya Sh 60,000, zinahitajika shughuli 30 kurudisha mtaji, kabla ya riba. Asiye na uhakika wa kuzipata ndani ya muda wa mkopo, aanze kwa kukodi.

Bibi harusi hataingia ukumbini mara ya pili ili apigwe picha upya. Mteja akikataa kulipia picha yenye ukungu, unafuu wa bei umekwisha. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi.