Anayemwiga mkubwa hawezi kumshauri

Na Rehema Mwachiro

Septemba 1984, aliporejea kutoka Addis Ababa, Rais Daniel arap Moi aliwataka mawaziri na wasaidizi wao waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye. Hakuona vibaya, kwani hata yeye, alieleza, aliimba wa Mzee Kenyatta tu enzi zake. Nyayo alizozifuata ndizo alizotaka zifuatwe.

Watu wazima wakaitikia. Wakatembea na beji zenye picha yake kifuani, wakayarudia maneno yake mikutanoni. Wapo hadi leo wanaoita hiyo heshima. Mimi siiti hivyo. Mtoto humwiga mzazi mpaka ajue kutembea, kisha hushika njia yake. Waziri hakuajiriwa kuiga. Kazi yake ni kumwambia mkubwa, hapa umekosea, mzee, na kinywa kilichozoea sauti ya mwingine hakiliwezi neno hilo. Katika kura ya mlolongo ya 1988, wenye foleni fupi walitangazwa washindi mchana kweupe. Mwaka huohuo Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri akipinga wizi katika uchaguzi wa Kanu. Aliondoka peke yake.

Uigaji wenye faida kwa nchi ulitoka kwa vijana watatu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, kundi la Redykyulass. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walimwigiza Moi jukwaani na kwenye runinga, naye akiwa bado Ikulu. Hao hawakumwiga ili awapende. Waliufanya uoga wetu upungue, na kwa hilo tunawiwa.

Ndiyo maana suti za Kaunda zilinitia wasiwasi 2023. Rais William Ruto alipozipenda, wanasiasa nao wakazishona, hadi Novemba Spika Moses Wetang'ula akazipiga marufuku bungeni. Spika alijali vazi. Mimi nilihofia ile mbio ya kufanana na mkubwa.

Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha alioutaka Rais, 106 wakaukataa. Siku hiyohiyo vijana waliingia Bunge, wengine wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais alikataa kuutia sahihi, akisema wananchi hawautaki. Neno hilo wale 195 wangeweza kumpelekea mapema, kwa kura tu, bila mtu kuzikwa.