Kabla fundi hajakutundikia sola ukutani, soma hapa

Wauzaji wenzangu wa Dodoma, fundi akikwambia paneli ya sola ikae wima ukutani kwa sababu "jua si lipo tu", usilipe kwanza. Ikigoma itagoma Desemba, msimu wa sikukuu, wateja wanauliza bei na simu yako haina chaji.

Iko hivi. Dodoma tuko kama nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, mchana jua linakuwa juu sana mwaka mzima. Juni, paneli ya wima inayotazama kaskazini inapata kama nusu tu ya nguvu ya jua la saa sita. Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi, jua la saa sita liko upande wa kusini, linaipiga mgongoni. Desemba ndo kabisa, kutwa nzima jua haligusi uso wake!

Ila tusiionee, wima ina faida. Vumbi letu la kiangazi haling'ang'anii sana kioo kilichosimama. Nafasi pia inaokolewa. Na zile paneli zinazopokea mwanga pande zote mbili, ukizisimamisha kama uzio, uso mmoja mashariki na mwingine magharibi, zinafanya kazi vizuri asubuhi na jioni. Katikati ya mistari unaweza hata kulima. Tatizo zinashika upepo kama tanga, hivyo zinataka nguzo imara, na hiyo ni gharama.

Kwa muuzaji mwenye paneli moja ya kuchajia simu na kuwasha taa ya kufungia mizigo, msimamo wangu ni huu: ilaze. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, uso kaskazini, mvua inaosha vumbi yenyewe. Kiangazi ifute asubuhi na mapema kwa kitambaa chenye maji, kioo kikiwa bado cha baridi. Acha hewa ipite kati yake na bati, maana paneli ikipata joto sana umeme unapungua.

Umepanga na mwenye nyumba hataki ugusse bati? Chomelea fremu ndogo ya chuma, iweke uani penye jua, usiku iingize ndani.

Halafu muulize fundi swali moja: Desemba saa sita mchana jua linakuwa upande gani? Akisema kaskazini, tafuta fundi mwingine.