Wapewa Insulini, Sindano Je?

Kijana mwenzangu, hebu fungua friji ya nyumbani kwenu. Kama muna mtu wa sukari, utaiona ile chupa ndogo ya insulini nyuma ya maziwa. Sasa muulize mwenyewe: sindano aliyojidunga leo asubuhi ameitumia mara ngapi? Usishangae akikwambia wiki nzima.

Shangazi yangu hujidunga mara mbili kwa siku. Hesabu yake hata mtoto wa darasa la pili ataiweza: siku 30, sindano 60. Pale kliniki anapotibiwa alikuwa akipewa 10. Insulini yamtosha, lakini sindano zilizobaki akajitafutie famasi. Pesa ikikosekana, ile ya juzi yarudi kazini. Na kuna wanaojidunga mara nne kwa siku. Hao ni 120 kwa mwezi!

Sindano hizi zimetengenezwa zitumike mara moja. Ncha yake ni nyembamba mno. Ikirudiwa inakuwa butu, inauma. Ukizoea kudunga pale pale kwa sindano kuukuu, chini ya ngozi hujengeka uvimbe wa mafuta. Insulini ikiingia kwenye uvimbe ule haitabiriki: leo sukari iko juu, kesho imeshuka hadi mtu anatetemeka na jasho linamtoka. Daktari akiona vipimo viko juu, anaongeza dozi. Kumbe shida haikuwa dozi. Siku mgonjwa akidunga sehemu nzima kwa dozi ile kubwa, sukari inaanguka vibaya. Hapo ndipo watu hupatikana wamezirai, na majirani wanasema ni jini.

Mutaniambia pesa za serikali hazitoshi. Najua. Kifungu cha 43 cha Katiba chatupa haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na Kifungu cha 21 chakiri kwamba haki hiyo itatimizwa hatua kwa hatua. Sawa. Lakini kumpa mtu insulini na kumnyima cha kudungia ni hatua gani hiyo? Figo zikiharibika, atahitaji kusafishwa damu kila wiki, na hapo hela itatoka tu. Bei ya sindano haikaribii hata kidogo.

Na sisi pia tuna makosa. Twaliogopa koti jeupe. Daktari anaandika "insulini na sindano", basi, bila idadi. Ukifika dirisha la dawa, anayetoa atoa anavyoona yeye, na huna karatasi ya kumuonyesha. Kwa hivyo ukimpeleka mzazi kliniki, usikae nje ukichezea simu. Ingia naye. Mwombe daktari kwa adabu aandike anadunga mara ngapi kwa siku, na jumla ya sindano mpaka tarehe ya kurudi, na za akiba kidogo manake sindano hupinda na huanguka. Ukipewa pungufu, omba waandike kwenye kadi ni ngapi umepewa na ngapi zimebaki.

Ikiwa kila mwezi ni "hakuna", andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yakupa ruhusa kuuliza hospitali ya umma imeagiza sindano ngapi, na wanafaa kukujibu ndani ya siku 21. Wakinyamaza, peleka lalama kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, yaani Ombudsman. Na afya iko mikononi mwa kaunti, kwa hivyo MCA wako asikwambie mambo ya Nairobi. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Nenda kwenye kikao cha wananchi na hesabu ya mtaa wenu mkononi.

Shangazi alirudi na karatasi iliyoandikwa 60. Mwezi uliopita alipewa 40. Zile 20 zimeandikwa kwenye kadi kuwa ni deni, na Jumatatu twaenda kuzidai.